UZI: Floribert alipokataa rushwa, ilikuwa neema ya Mungu au utashi wake?

Mwana_Himbi (Goma)

Salamu kwenu wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Hapa Goma hakuna asiyemjua Floribert Bwana Chui, lakini walio Lubumbashi na kwingine huenda wamesikia jina tu. Alizaliwa hapa mwaka 1981, akasoma sheria, akaingia OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya walei, na muda wake mwingi aliwapa watoto wa barabarani. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa akiwa na miaka 26. Kosa lake: alikataa pesa ili asiruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya mtakatifu, kule Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Tangu siku ile, kwenye shirika letu la mtaani mabishano hayajaisha. Wengine wanasema: ni neema tupu, binadamu wa kawaida hawezi kukataa dola huku anatishiwa. Wengine wanajibu: msimnyang'anye kijana sifa yake. Wangapi walibatizwa kwa maji yaleyale, wanapokea Komunyo ileile, na bahasha wanapokea pia? Basi tofauti ni yeye mwenyewe, aliamua.

Swali ni hilo. Tukisema neema, je, utashi wake ulikuwa wapi? Tukisema utashi, je, Mungu alifanya nini zaidi ya kutazama?

Ugomvi huu ni wa zamani, na ulipiganwa hapa hapa Afrika. Agostino alikuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, nchini Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo alimwomba Mungu ampe kile anachomwamuru, kisha amwamuru chochote apendacho. Sala hiyo ilipofika Roma, mtawa mmoja aliyetoka Britania, Pelagio, alikasirika. Alikuwa amewaona Wakristo wa Roma wakiishi ovyo na kujitetea kwamba mwili ni dhaifu. Kwake, Mungu hawezi kuamuru jambo ambalo mtu hana uwezo wa kulifanya. Ametupa akili, sheria na mfano wa Kristo, yaliyobaki ni juu yetu. Mwaka 410 Roma ilipovamiwa, Pelagio na rafiki yake Selestio walikimbilia Afrika, na moto ukawaka. Mei 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakayakataa mafundisho hayo.

Nakiri Pelagio ananivutia. Mtu aliyechoka na visingizio vya waumini angepata kazi nyingi sana Goma. Lakini naona Agostino aliona mbali zaidi. Nitaeleza baadaye, kwanza nataka kusikia wengine.

Pastere_Ndosho (Goma)

Ndugu yangu, Bwana akubariki. Mimi ni mtu wa Kipentekoste, nitasema wazi. Ufunuo 3:20: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha, mtu akiisikia sauti yangu, na kuufungua mlango, nitaingia kwake." Komeo liko ndani. Yesu habomoi mlango wa mtu. Stefano naye aliwaambia wazee wa Wayahudi kwamba siku zote wanampinga Roho Mtakatifu. Kama neema ndiyo inayofanya yote, wangempingaje?

Na niwape upande wa uchungaji, maana nyinyi mnasoma, mimi nakaa na watu. Kila juma mtu anakuja kwangu: "Pastere, siku Mungu atakaponigusa nitaacha." Anaacha pombe? Haachi. Anaacha hawara? Haachi. Anangoja kuguswa! Hiyo neema yenu ya kufanya kila kitu, huku mtaani imekuwa kiti cha kukalia. Floribert hakungoja. Alisimama akasema hapana.

Mama_Neema_Kadutu (Bukavu)

Bandugu, munisamehe, naandika sawa vile nasemaka. Mambo ya Karthago mie siyajue. Niko na mutoto wa kiume, anakunywaka sana. Kila asubui mbele niende soko naomba Mungu juu yake. Sasa Pastere, mie nauliza na heshima: kama kuokoka ni uamuzi yake ye mwenyewe, na Mungu anasimamaka tu ku mulango, mie naomba nini? Naomba Mungu amufanyie nini, na alishamaliza yake? Si ningeomba mutoto tu!

Mwana_Himbi

Mama, shikamoo. Hamjui Agostino lakini mmeandika barua yake.

Kulikuwa na mtu wa Karthago, Vitalis, aliyefundisha karibu kama Pastere hapa: Mungu anatupa Neno, na mwanzo wa kuamini ni wetu wenyewe. Agostino akamwandikia: basi ukisikia padri altareni anawaombea wasioamini wageuzwe mioyo, usijibu Amina. Maana unamwomba Mungu afanye kitu ambacho wewe unasema si chake kukifanya. Sala ya Kanisa inajua kuliko mafundisho ya Vitalis.

Na Agostino hakuwa anabahatisha. Mama yake, Monika, alimlilia miaka mingi wakati yeye anakaa na mwanamke asiyemwoa na kufuata dini ya Wamani, wafuasi wa mtu aliyeitwa Mani. Alijua kwa mwili wake maana ya kutaka kubadilika na kushindwa. Alijua pia kwamba siku alipobadilika hakuna aliyemburuta. Alitaka kweli, labda kwa mara ya kwanza alitaka kwa moyo mzima.

Pastere, ukimwombea mlevi wako, unamwomba Mungu aguse nini, kama si huo utashi wake?

Pastere_Ndosho

Namwomba Mungu afungue macho yake aone. Akishaona, aamue.

Mwana_Himbi

Lidia, Matendo 16:14. Imeandikwa moyo wake ulifunguliwa na Bwana. Moyo, si macho tu.

Kalvini_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nimefurahi mtu kutaja Lidia. Mimi ni Mpresbiteri, babu zangu wa Kasai walipokea Injili kwa wamisionari waliofika Luebo mwaka 1891, Lapsley na Sheppard, mmoja mweupe na mwingine mweusi. Katekisimu tulilishwa pamoja na bukari (ugali).

Hakuna haja ya kuogopa maneno. Warumi 9:16: "Si katika uwezo wa yule atakaye, wala wa yule apigaye mbio, bali wa yule arehemuye, yaani, Mungu." Yohana 6:44: hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba. Wafuasi wa Arminio, mwanateolojia wa Uholanzi, walipoandika hoja zao tano mwaka 1610, walisema neema inaweza kupingwa. Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ikajibu: Mungu akiamua kumhuisha mtu, anamhuisha. Neema haimchukulii mtu kama jiwe au mti, inasema Sinodi, wala haiondoi utashi kwa nguvu. Inauponya, inaugeuza, unaanza kupenda kutii. Watu wanaosema Kalvini, mwalimu wetu wa zamani, anatufanya mashine hawajasoma hapo.

Na nikiulizwa kwa nini Floribert na si mwenzake wa meza ya pili, ninajibu: Mungu. Ukijibu "kwa sababu Floribert alikuwa bora", umempa mtu sababu ya kujisifu, na Paulo ameifunga njia hiyo katika Waefeso 2.

Mwana_Himbi

Kaka, nusu ya kwanza nasaini. Nusu ya pili inanisumbua, na si mimi peke yangu. Yule wa meza ya pili, Mungu hakumtaka? 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu "hutaka watu wote waokolewe." Na Yesu mbele ya Yerusalemu alisema mara ngapi alitaka kuwakusanya watoto wake, "lakini hamkutaka." Hakusema "sikuwavuta." Analia. Mtu halii juu ya jambo aliloliamua mwenyewe.

Kalvini_wa_Katuba

"Wote" maana yake watu wa kila aina, wafalme na watumwa. Soma mstari wa pili wa sura hiyohiyo.

Mwana_Himbi

Nimeusoma. Lakini sura yenyewe, mstari wa kwanza, inaanza kwa kuomba dua kwa ajili ya watu wote. Kama "wote" ni aina tu, basi na dua zetu tuzifanye kwa aina, tumruke mtoto wa Mama Neema tumwombee mlevi mwingine wa kuwakilisha?

Fundi_Wa_Simu (Goma)

Jamani nyinyi mmekwisha kuokoka wote, ni nani atatulipia yuniti za intaneti za kusoma haya yote 😂

Chukudu_Boy (Kibumba)

Mbona ni rahisi. Chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, ikipanda mlima imebeba makala, wewe unashika usukani mbele, vijana wanasukuma nyuma. Bila wao haipandi, bila wewe inaingia mtaroni. Mungu anasukuma, mtu anaongoza. Uzi umeisha.

Mwana_Himbi

Mfano mzuri, ndiyo maana una hatari. Umewafanya Mungu na mtu wafanyakazi wawili wa mzigo mmoja: huyu akiongeza nguvu, yule anapunguza. Ukishafikiri hivyo huwezi kutoka. Utahesabu tu, Mungu tisini, mimi kumi. Wengine watasema tisini na tisa kwa moja, na hiyo moja ndiyo itakayoamua nani anaingia mbinguni, kwa hiyo wokovu wote unaning'inia kwenye kamoja kangu! Padri wangu wa utotoni alihubiri hivyo kabisa, na kanisa zima lilipiga makofi.

Tazama Paulo anavyoandika katika 1 Wakorintho 15:10. Anasema alifanya kazi kupita wao wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Hagawi. Kazi yote ni yake na yote ni ya neema. Na Wafilipi 2 ni hivyohivyo: timizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, *kwa maana* ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, "kutaka kwenu na kutenda kwenu." Pelagio angeandika: timizeni, kwa maana Mungu amemaliza sehemu yake. Mvivu wa Pastere angeandika: Mungu anatenda, kwa hiyo kaeni. Paulo anaandika: Mungu anatenda, kwa hiyo tetemekeni mfanye.

Muumba hasimami pembeni yangu akisukuma. Yeye ndiye anayenifanya niwe, pamoja na kutaka kwangu. Anaponikaribia zaidi, mimi sipungui. Nazidi kuwa mimi. Rushwa ndiyo inayopunguza mtu: anayepokea kila siku, mwisho hana tena uwezo wa kukataa, mkono unajiendea wenyewe. Yule ndiye asiye na uhuru.

Methodisti_Kamalondo (Lubumbashi)

Sasa mumefika kwetu. John Wesley, mwanzilishi wetu Wamethodisti, aliita hiyo neema inayotangulia. Mtu aliyeanguka hana uwezo wa kumtafuta Mungu, hapo Kalvini yuko na haki. Lakini Mungu kwa ajili ya Kristo amerudishia kila mtu kiasi cha mwanga na uhuru, hata yule ambaye hajasikia mahubiri bado. Dhamiri inayokuchoma ukipokea bahasha ni neema tayari. Kwa hiyo anayeitika, ameitika kwa neema. Anayekataa, amekataa neema aliyokuwa nayo kweli. Wa meza ya pili naye alipewa.

Na niongeze kitu. Wesley na mhubiri mwenzake George Whitefield waligombana vikali juu ya mambo haya, toka 1739. Whitefield alikuwa upande wa Kalvini. Lakini alipokufa mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumbukumbu yake London alikuwa Wesley, na Whitefield mwenyewe ndiye alikuwa ametaka hivyo. Bakubwa bale balijua kugombana.

Kalvini_wa_Katuba

Mukubwa, hiyo neema inayotangulia inapatikana mstari gani?

Methodisti_Kamalondo

Yohana 1:9, Nuru inayomtia nuru kila mtu. Na wewe "neema isiyopingika" ulipata mstari gani? 😄

Mpangaji_Birere (Goma)

Mnabishana kama neema ni ya Mungu au ya mtu, wakati hapa jirani yangu neema ni ya mtumishi. Dola kumi, maombi ya kawaida. Hamsini, "mpenyo wa haraka." Mama mmoja ameuza friji.

Pastere_Ndosho

Hapo sina utetezi, na msituweke Wapentekoste wote kapu moja. Petro alimjibu Simoni mchawi: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Anayeuza ni mwizi, tusimtafutie jina la kiteolojia.

Mwana_Himbi

Amina, Pastere. Lakini nadhani lipo jina. Huyo mama ameambiwa neema ipo, inangoja tu kitendo chake cha kuifungulia. Leo kitendo ni kunyosha mkono, kesho ni kufunga siku arobaini, keshokutwa ni friji. Ukiweka mwanzo wa wokovu mikononi mwa mtu, atakuja mjanja wa kuupangia bei. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange, Ufaransa, mwaka 529, chini ya askofu Sezari wa Arles, ulikaa juu ya jambo hilo hasa. Kulikuwa na watawa wema waliosema: tunakubali neema, ila hatua ya kwanza, ile hamu ndogo ya kuamini, ni ya mtu. Mtaguso ukasema hapana, hata hamu hiyo ni zawadi. Na palepale ukakataa kwa maneno makali kwamba Mungu amewapangia wengine uovu. Kaka wa Katuba, hii ya pili ni yako 😉

Kalvini_wa_Katuba

Hakuna Mpresbiteri anayefundisha Mungu ni mwanzilishi wa dhambi. Dort yenyewe inaita hilo kufuru. Lakini endelea.

Mwana_Himbi

Haki yako, nimekusoma.

Wakatoliki tulirudi hapohapo kwenye Mtaguso wa Trento, Januari 1547: Mungu anaugusa moyo, mtu hakai bila kutenda maana anaweza hata kukataa, lakini bila neema hawezi kupiga hatua yoyote kuelekea haki. Halafu tukagombana sisi kwa sisi! Mjesuiti Molina alitoa kitabu mwaka 1588 kueleza kwamba Mungu anajua kila mtu angechagua nini katika kila hali, na anatoa neema kwa ujuzi huo. Wadominiko, shirika jingine la watawa, Báñez akiwa mbele, wakasema hiyo inamfanya Mungu angoje jibu la mtu. Kesi ikaenda Roma, mapapa wawili wakasikiliza vikao kwa vikao. Mwaka 1607 Paulo wa Tano akaifunga bila mshindi: kila upande ubaki na fundisho lake, marufuku kuitana wazushi.

Nikiwa seminarini ndogo tulicheka hiyo hukumu, tukaiona ya woga. Leo naiona ya busara, maana kinachohitajika kushikwa kilikuwa kimeshikwa: Mungu anaanza, na mtu anatenda kweli. Namna viwili vinavyokutana ndani ya moyo, Roma iliacha palipo. Na tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini kule Augsburg tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, na tunapokea Roho anayetuita kwa matendo mema. Wamethodisti walijiunga 2006, Wareformati 2017. Kwa hiyo kaka zangu wa Lubumbashi, wakubwa wenu wameshatia saini, nyinyi mnagombania nini?

Nirudi kwa Floribert. Papa Fransisko alipowasimulia vijana Kinshasa, Februari 2, 2023, alisema kijana huyu kwa kuwa alikuwa Mkristo alisali, akawafikiria wengine, akachagua kuwa mwaminifu. Sala na uchaguzi vimewekwa pamoja, hakuna aliyeona shida. Inasimuliwa pia kwamba alizungumza na mtawa rafiki yake juu ya zile bidhaa, akajiuliza kama anaishi kwa Kristo au hapana. Mtu anayejiuliza hivyo hayuko peke yake ndani ya lile swali. Na bado jibu alilitoa yeye, kwa kinywa chake, na waliomuua hawakumuua Mungu, walimuua yeye.

Mama_Neema_Kadutu

Aksanti mutoto wangu. Basi naendelea kuomba.

Pastere_Ndosho

Mama, tuma jina la kijana, tutamweka katika maombi ya Ijumaa. Na mimi nitamwomba Mungu auguse huo utashi, Mwana_Himbi asije akanicheka.

Deklara_Grande_Bariere (Goma)

Nimesoma tangu juu bila kuandika. Mimi kazi yangu ni karatasi za mizigo, mpakani. Swali dogo, nauliza kwa niaba ya mwenzangu. Mwenye kukataa ni mwenyeheri, sawa. Na mwenye kuwa alishapokea? Neema yake inaanzia wapi?

Mwana_Himbi

Luka 19. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, mtu wa kazi yenu kabisa. Yesu alimwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja.

Pastere_Ndosho

Lakini mti alikuwa amekwisha kuupanda mwenyewe! Hakuna aliyemwinua.

Kalvini_wa_Katuba

Na ile hamu ya kumwona Yesu ni nani, ilimtoka wapi? Malizia kisa: "Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea." Anayetafuta ni nani?

Methodisti_Kamalondo

Inayotangulia! Inayotangulia!

Pastere_Ndosho

Tuseme alitafutwa huku akitafuta. Lakini alipanda.

Deklara_Grande_Bariere

Nyinyi endeleeni na mti. Mwenzangu amesoma mstari wa nane, "namrudishia mara nne," na ameomba nimkopeshe kalamu apige hesabu.